Opatija, mji wa kale wa mapumziko kwenye Bahari ya Adria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayefikiria kwenda Opatija, awe anatoka Afrika Mashariki, anafanya kazi nchi za Ghuba au tayari anaishi Ulaya. Majibu marefu yako kwenye mambo ambayo wengi huyapanga vibaya: msimu, ufuo na viza.

Opatija iko wapi hasa?

Iko kaskazini-magharibi mwa Kroatia, kwenye Ghuba ya Kvarner, sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Adria. Jirani yake mkubwa ni Rijeka, jiji la bandari lililo umbali wa kama kilomita 15. Trieste ya Italia ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari. Mgongoni mwa mji umesimama mlima Učka, ambao kilele chake, Vojak, kina urefu wa mita 1,401. Mlima huo ukumbuke, kwa sababu ndio unaoukinga mji na pepo kali za baridi, na bila kinga hiyo pengine Opatija ingebaki kijiji cha wavuvi.

Mji huu ulianzaje kuwa mahali pa mapumziko?

Kabla ya karne ya 19 palikuwa na nyumba chache na kanisa dogo la Mtakatifu Yakobo, lililokuwa la watawa wa Kibenedikto na kukarabatiwa mwaka 1506. Kanisa hilo bado lipo, ndani ya bustani karibu na maji.

Mwaka 1844 mfanyabiashara wa Rijeka aitwaye Iginio Scarpa alijenga nyumba ya fahari pembeni ya kanisa, akaiita Villa Angiolina kwa kumbukumbu ya mke wake aliyekuwa amefariki. Aliizungushia bustani, akapanda miche na mbegu zilizoletwa na meli kutoka mbali. Wageni wakubwa wakaanza kualikwa, na mwaka 1860 Maria Anna, mke wa kaizari mstaafu wa Austria, Ferdinand, alikaa hapo. Habari za hewa nzuri zikafika Vienna.

Kilichougeuza mji ni reli. Kampuni ya Reli ya Kusini ya Austria ilifikisha njia yake Rijeka mwaka 1873, ikitaka abiria. Mkurugenzi wake, Friedrich Julius Schüler, aliona kwamba mtu akijengewa sababu ya kusafiri atanunua tiketi. Kampuni ikainunua Villa Angiolina, na mwaka 1884 ikafungua Hoteli Quarnero, ambayo leo inaitwa Kvarner na inahesabiwa kuwa hoteli kongwe zaidi kwenye pwani yote ya mashariki ya Adria. Mwaka uliofuata ikafunguliwa ya pili. Mwaka 1889 serikali ya Austria ikautangaza mji kuwa kituo rasmi cha afya.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Wagonjwa wa Vienna na Budapest hawakuja kuogelea. Walikuja majira ya baridi kukimbia theluji na moshi wa makaa ya mawe, na madaktari wao waliwaandikia dawa ya kutembea kando ya bahari kila siku na kuvuta hewa ya chumvi. Theodor Billroth, mmoja wa madaktari wa upasuaji mashuhuri kabisa wa zama zake, aliupenda mji huu na akafia huku mwaka 1894. Mwaka huohuo Kaizari Franz Joseph wa Austria na Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani walikutana hapa. Basi ukiuona mji una mabenchi kila hatua chache, bustani kila kona na ufuo mdogo, usishangae. Ulijengwa kwa ajili ya watu wenye makoti.

Ni kweli mji huu una uhusiano na Ziwa Turkana?

Ndiyo, kwa njia ya majina. Hoteli ile ya pili ya mwaka 1885 iliitwa kwa heshima ya Stephanie, mke wa Rudolf aliyekuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria. Miaka mitatu baadaye, Machi 1888, Count Sámuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria, walifika kwenye ziwa la kaskazini mwa Kenya ya leo wakiwa na msafara ulioanzia Pangani. Wenyeji walikuwa na majina yao ya ziwa hilo tangu zamani, lakini wageni hao wakaliandika kwenye ramani kuwa Ziwa Rudolf. Ziwa dogo waliloliona baadaye, upande wa Ethiopia, wakaliita Stefanie. Jina la Rudolf lilidumu hadi mwaka 1975, Kenya ilipolifanya rasmi kuwa Ziwa Turkana. Ziwa la pili leo linajulikana kama Chew Bahir.

Hoteli nayo imebadilishwa jina mara kadhaa kila dola mpya ilipoingia: Italia baada ya Vita vya Kwanza, Yugoslavia baada ya Vita vya Pili, Kroatia tangu 1991. Leo ni Hoteli Imperial, katikati ya mji. Mkenya anayepita mbele yake ana kila haki ya kusimama na kuitazama kwa jicho lake mwenyewe: jumba hili na ziwa lile viliwahi kubebeshwa majina ya mke na mume.

Kuna ufuo wa mchanga?

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, hasa aliyezoea Diani, Nungwi au Malindi. Sehemu kubwa ya ukingo wa Opatija ni mwamba na sakafu za saruji zenye ngazi za chuma za kuteremkia majini. Slatina, ufuo mkuu wa mjini, uko hivyo: sakafu pana, viti vya kukodi, bafu za maji baridi, na kipande kidogo tu cha kuchezea watoto. Ukitaka ufuo hasa, nenda Medveja, baada ya mji jirani wa Lovran, au Mošćenička Draga mbele yake. Hata huko utakanyaga kokoto.

Kwa upande mwingine, kwa kuwa hakuna mchanga wa kutibuka, maji ni maangavu mno. Ukisimama kwenye ngazi unaona mawe ya chini na samaki wakipita. Mabadiliko ya maji ni madogo, hayafiki mita moja, kwa hiyo hakuna kusubiri maji yajae wala kutembea mbali kuyafuata kama siku za bamvua kwetu. Nunua viatu vya mpira vya majini siku ya kwanza. Maduka yote ya ufuoni yanavyo. Kwenye mawe hukaa wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba, na mwiba wao ukivunjikia unyayoni utakuharibia safari.

Lungomare ni nini, na inachukua muda gani kuitembea?

Ni njia ya waendao kwa miguu inayofuata ukingo wa bahari kutoka Volosko, upande wa kaskazini, hadi Lovran kusini, kilomita 12 hivi, ikipita Opatija, Ičići na Ika. Kipande cha kaskazini kilifunguliwa mwaka 1889 na cha kusini kikakamilika mwaka 1911. Rasmi ina jina la Franz Joseph I, lakini kila mtu anaiita Lungomare.

Kama una siku moja tu Opatija, itumie hapa, mambo mengine yote yasubiri. Anzia Volosko asubuhi mapema. Upande mmoja ni ukuta wa mawe wenye mizizi iliyojipenyeza kwenye nyufa na miti iliyoinama hadi juu ya kichwa. Upande wa pili ni bahari, chini kidogo tu ya miguu. Kila mwendo mfupi kuna pengo kwenye kizuizi cha chuma na ngazi za mawe zinazoingia majini. Hapo utakuta wazee wa mji wametundika taulo zao kwenye chuma na wanaogelea taratibu huku wakizungumza, hata Oktoba. Juu ya ukuta yanatokeza majumba ya karne ya 19, mengine yamepakwa rangi mpya, mengine madirisha yake yamefungwa miaka mingi.

Volosko hadi katikati ya Opatija ni kama dakika 40 kwa mtu asiye na haraka. Kutoka hapo hadi Lovran weka saa moja na nusu hadi mbili. Usirudi kwa miguu ile ile kama umechoka. Basi namba 32 hupita barabara ya juu.

Niende mwezi gani?

Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni, au Septemba. Watu wengi watakwambia Julai na Agosti kwa sababu bahari ina joto, na ni kweli maji hufika nyuzi 24 au 25. Lakini miezi hiyo barabara moja inayopita katikati ya mji hujaa magari, maegesho ni shida, na bei za vyumba hupaa. Septemba bahari bado ina joto na mji umetulia.

Majira ya baridi nayo yana wapenzi wake, nami ni mmojawao. Mwisho wa majira hayo kamelia huchanua. Ua hili la asili ya Asia ya Mashariki ndilo alama ya Opatija, na kuna vichaka vyake vyenye umri mkubwa kwenye bustani ya Angiolina. Kati ya Januari na mwanzo wa Kwaresima ni msimu wa kanivali katika eneo zima. Wanaume wa vijiji vya Kastav, jirani ya hapo, hutembea kijiji hadi kijiji wakiwa wamevaa ngozi za kondoo na kengele nzito viunoni. Desturi yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2009. Desemba kuna tamasha la chokoleti. Mwezi wa kuogopa kidogo ni Novemba: mvua za hapa zikianza hazina mzaha.

Kuna habari za pepo mbili. Zinamhusu mgeni?

Zinamhusu. Bura hutoka kaskazini-mashariki, kavu na ya baridi, hushuka milimani kwa mikupuo, na mara nyingi mbingu huwa safi kabisa ikivuma. Opatija hupata nafuu, ila daraja la kwenda kisiwa cha Krk na barabara kuu za pwani zinaweza kufungiwa baadhi ya magari. Jugo hutoka kusini-mashariki, ina unyevu na mawingu, na huleta mawimbi yanayopanda hadi juu ya Lungomare. Siku ya jugo kali tembea bustanini au panda basi uende Rijeka.

Nahitaji viza?

Kroatia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuanza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2023. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Mwenye pasipoti ya Oman pia anahitaji. Mwenye ya Umoja wa Falme za Kiarabu hahitaji kwa ziara fupi. Kumbuka kinachoangaliwa ni pasipoti: Mtanzania anayefanya kazi Dubai au Muscat huomba viza, ila ataomba kule anakoishi kihalali.

Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukipanga siku mbili Venice na tano Opatija, ni Kroatia. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe chini ya siku 15. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 na iwe inatambulika nchi zote za Schengen. Mambo yanayoangusha maombi mengi ni taarifa za benki zisizoeleweka na kukosa ushahidi kwamba una sababu ya kurudi. Barua ya mwajiri, ruhusa ya likizo, leseni ya biashara, hati za watoto walio shuleni, vyote viambatishe bila kusubiri kuulizwa.

Anayeishi Ujerumani, Sweden, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi haombi viza. Anaruhusiwa kutembelea hadi siku 90 ndani ya siku 180. Achukue pasipoti na kadi ya ukaazi vyote viwili. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anahitaji viza.

Nifike vipi?

Kutoka Afrika Mashariki hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Kroatia. Njia rahisi ni kubadilisha Istanbul au Doha hadi Zagreb, kisha basi la masafa hadi Rijeka, saa mbili na nusu hivi. Wengine hushukia Venice au Vienna kwa sababu ya bei ya tiketi, nalo si wazo baya ukiwa na muda. Uwanja wa ndege wa Rijeka upo kisiwani Krk, na safari zake nyingi ni za kiangazi tu.

Rijeka hadi Opatija ni basi namba 32 la kampuni ya mji, Autotrolej, ambalo huendelea hadi Lovran na Mošćenička Draga. Kwa treni kutoka Ljubljana, shukia Opatija-Matulji. Stesheni hiyo ipo juu mlimani, kilomita kadhaa kutoka baharini, kwa hiyo mwenye mizigo achukue basi au teksi kuteremka.

Mbali na kutembea, nitazame nini mjini?

Villa Angiolina sasa ni Makumbusho ya Utalii ya Kroatia. Ingia hata kama hupendi makumbusho. Dari na kuta za ndani peke yake zinatosha. Bustani inayoizunguka haina kiingilio na ina aina zaidi ya 150 za mimea, kuanzia mierezi na magnolia hadi mianzi.

Karibu na hapo, juu ya mwamba baharini, yuko Msichana wa Shakwe, sanamu ya mchongaji Zvonko Car ya mwaka 1956. Kila mtu hupiga picha yake, ila wachache wanajua kwamba kwenye mwamba huo awali palikuwa na Mama wa Mungu wa Bahari, sanamu iliyosimamishwa kumwombea Count Arthur Kesselstadt aliyekufa maji mwaka 1891. Nakala yake, iliyopakwa rangi ya dhahabu, ipo mbele ya kanisa la Mtakatifu Yakobo. Zitazame zote mbili.

Halafu Volosko. Ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na mji bila kupoteza sura yake: bandari ndogo ya mashua, vichochoro vya ngazi vinavyopita chini ya matao, paka kila kizingiti. Mwaka 1857 alizaliwa hapa Andrija Mohorovičić, mwanasayansi aliyegundua mpaka kati ya gamba la dunia na tabaka lililo chini yake kwa kusoma mitetemo ya tetemeko la mwaka 1909. Wanafunzi wa jiografia wanaujua mpaka huo kwa jina la Moho.

Chakula kikoje? Mwislamu atapata halali?

Kvarner inasifika kwa kamba wake wekundu wenye makoleo marefu, wanaoitwa škampi. Wapikwe kwa kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na divai nyeupe, ndiyo desturi. Asiyekunywa aombe wa kuchoma bila divai, na wataelewa. Samaki wa kuchoma huuzwa kwa kilo, kwa hiyo uliza bei na uzito kabla hajaingia jikoni. Masika kuna asparaga wa porini, Juni cheri za Lovran, na Oktoba Lovran hufanya sherehe ya maruni, kokwa tamu zinazochomwa motoni barabarani.

Nyama ya nguruwe imetapakaa kwenye menyu, hata ndani ya supu na tambi. Aliye makini abaki kwenye samaki, mboga na jibini, na aulize kila mara. Rijeka kuna msikiti mkubwa na kituo cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 2013, jengo la ajabu lililobuniwa na mchongaji Dušan Džamonja, lenye kuba lililokatwa vipande kama sanamu. Uislamu unatambuliwa kisheria katika nchi hii tangu 1916. Nenda sala ya Ijumaa ukaulize huko huko kuhusu maduka ya nyama halali. Utapata jibu la mtu anayeishi hapo.

Mkristo naye ana Trsat, juu ya Rijeka, mahali pakongwe pa hija ya Bikira Maria. Mapokeo yanasema nyumba ya Maria ya Nazareti iliwekwa hapo kuanzia 1291 hadi 1294 kabla ya kuhamia Loreto, Italia.

Maji ya bomba yananyweka, na ni matamu.

Mtu mweusi atapokelewaje?

Weusi ni wachache mjini, hasa nje ya kiangazi, kwa hiyo utatazamwa. Mara nyingi ni kutazama tu. Ukimtangulia mtu kwa «dobar dan» uso hufunguka. Hotelini na mikahawani wanazungumza Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano vizuri. Beba nakala ya pasipoti na viza, kwa sababu polisi karibu na mpaka wa Slovenia huweza kukagua watu, na ukaguzi huo unaisha haraka ukiwa na karatasi mkononi. Namba ya dharura ni 112.

Nikae siku ngapi, na nitoke kwenda wapi?

Tatu zinatosha kwa mji, tano ukitaka kuzunguka. Pula, penye uwanja wa michezo wa Warumi, inafikika kwa kupita handaki la Učka. Kivuko cha Brestova hukupeleka kisiwani Cres kwa muda mfupi. Plitvice, maziwa yenye maporomoko, ni mbali kiasi cha kuhitaji siku nzima na kuamka alfajiri.

Nakuja na mzazi mzee. Ataweza?

Ataweza, na huenda akaupenda kukuzidi. Thalassotherapia, hospitali ya mji, bado inatibu moyo na viungo kwa mtindo ulioanza enzi za Billroth. Tatizo ni miinuko: nyumba nyingi za kupanga za bei nafuu ziko juu ya mji, na ngazi zake ni za kuhema. Ongeza pesa kidogo upate chumba kati ya barabara kuu na bahari, kisha mpeleke kipande cha Lungomare kilicho kati ya Slatina na bustani ya Angiolina, kwa kuwa huko mbele, kuelekea Volosko na Lovran, njia hupanda na kushuka kwa ngazi mahali pengi.